Nilikula jodari mgahawani, uso ukawaka moto: je, nina aleji ya samaki?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 38, naishi Dar es Salaam, na samaki ndiyo kitoweo changu tangu utotoni. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulitoka kwenda kula mgahawani. Mimi niliagiza jodari wa kuchoma, maana napenda samaki mwenye nyama nene asiye na miba. Yeye aliagiza changu mzima kama kawaida yake. Jodari alikuja wa moto kabisa, ananukia vizuri, ila ulimi ulinichonyota kidogo nikadhani ni pilipili manga. Haikupita nusu saa uso ukaanza kuwaka, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio, shingo na kifua vikawasha. Usiku nikaharisha mara mbili, asubuhi nikaamka mzima. Mhudumu alisema nina aleji. Dada yangu amenikataza samaki wote, pamoja na kamba na pweza. Lakini mume wangu alionja kipande kutoka sahani yangu na hakupata kitu, na wiki mbili baadaye nilikula sato nyumbani bila tatizo, ingawa alikuwa na ladha ya tope. Je, niache samaki? Mwisho wa mwezi tuna miadi ya kula nje na wakwe zangu. Niagize nini, na nitamjuaje samaki mzuri nikiwa nimeshakaa mezani?"*

Pole sana, dada. Moyo kwenda mbio na mwili kuwasha ukiwa mezani mbele ya watu kunatisha, na mtu aliyetishika hukubali jibu la kwanza analopewa. Mimi jibu la mhudumu silikubali haraka hivyo, na katazo la dada yako, ingawa amelitoa kwa mapenzi, limepita ushahidi uliopo. Ulichoeleza kinafanana mno na sumu ya histamini, ambayo hutokana na jinsi samaki alivyotunzwa kabla hajafika jikoni. Siwezi kukupima kwa maandishi, na mbele nitakwambia ni lini umwone daktari. Kwanza nikueleze kilichotokea ndani ya yule jodari, kwa sababu nusu ya maswali yako ya kuagiza yanajibiwa hapo.

Jodari ni samaki wa mbio, anaogelea usiku na mchana, na misuli yake imejaa asidi amino iitwayo histidini inayomsaidia kuhimili kazi hiyo. Nguru, sehewa, vibua, faulusi, sulisuli na dagaa wa baharini wamo katika kundi hilohilo. Samaki akiwa hai, histidini haimdhuru mlaji. Akishakufa, bakteria waliokuwa kwenye mashavu na utumbo wake, pamoja na wengine wa kwenye visu, mikono na mbao za chombo, huanza kupenya kwenye nyama. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachogeuza histidini kuwa histamini, na joto la mwambao wetu linawapa kasi kubwa. Kazi hiyo inaweza kuwa imekwisha kabla samaki hajaonyesha dalili yoyote ya kuoza.

Histamini ni kemikali ileile ambayo mwili wako mwenyewe huimwaga ukiumwa na nyuki au ukipatwa na aleji. Ndiyo maana mhudumu alichanganya mambo, na hata kwenye zahanati watu huchanganya. Kwenye aleji, mwili wako unaitoa histamini kwa kuwa umeiona protini ya samaki kama adui. Kwenye sumu hii uliikuta imeshatengenezwa, ukaila pamoja na kachumbari. Mishipa ya damu ya usoni na kifuani hutanuka, ngozi huwaka na kuwasha, kichwa hugonga, moyo hukimbia, tumbo huvurugika. Kwa kawaida huanza kati ya dakika chache na saa moja au mbili baada ya kula, kisha hutulia ndani ya siku moja. Habari yako imefuata mkondo huo karibu hatua kwa hatua.

Vitabu vingi vinasema mgonjwa "huwa mwekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na ndiyo sababu watu wetu huambiwa hawana kitu. Gusa shavu na kifua kwa mgongo wa kiganja: utasikia joto lisilolingana na la mkono. Angalia weupe wa macho kama umekuwa mwekundu, na kope kama zimevimba.

Sasa lile ulilolitaja kama jambo la kukutuliza, kwamba jodari alikuja wa moto kabisa. Moto unaua bakteria na unaharibu kimeng'enya, lakini histamini yenyewe haivunjwi na joto la jikoni. Uchome, ukaange mpaka akauke, uchemshe kwenye nazi, ugandishe, yote hayaigusi. Hata joto la kiwanda cha samaki wa makopo inalistahimili. Ndimu haiiondoi, pilipili haiiui. Haina harufu wala rangi ya kukushtua. Ishara pekee ambayo baadhi ya walaji huipata ni hiyo uliyoisikia wewe: ulimi kuchonyota kama umetafuna pilipili manga, au midomo kuwaka kidogo, kwenye samaki ambaye hana viungo vikali. Siku nyingine ukiisikia kwenye jodari au nguru, toa tonge kinywani na usiendelee. Usiogope kuonekana mkorofi.

Kwa nini mumeo hakupata kitu? Kwanza, ni kiasi. Mkutano wa wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2012 ulikadiria kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kupokea takriban miligramu 50 za histamini kwa mlo mmoja bila kuona dalili. Kwa sahani yenye gramu 250 za samaki, hiyo ni sawa na miligramu 200 kwa kila kilo, ambacho ndicho kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula. Chukua mfano wa samaki aliyefikia miligramu 1,000 kwa kilo. Wewe uliyemaliza gramu 250 umeingiza miligramu 250, na yeye aliyeonja tonge la gramu 20 ameingiza 20 tu. Pili, histamini haisambai sawasawa. Pande lililokuwa karibu na tumbo au mashavu linaweza kuwa nayo nyingi, na pande la karibu na mkia wa samaki yuleyule likawa salama. Kwa hiyo watu wawili wa meza moja wanaweza kuondoka mmoja mzima na mmoja anaumwa, na ushahidi wa yule mzima usikufanye udhani umejitungia.

Kuhusu aleji, sato uliyemla anasema mengi kuliko unavyofikiri. Watu wengi wenye aleji ya kweli ya samaki hudhurika kwa protini iitwayo parvalbumini. Samaki wenye nyama nyeupe kama sato wanayo kwa wingi, jodari anayo kidogo. Mwenye aleji hiyo kwa kawaida huumizwa na sato kabla ya jodari, na wewe imekuwa kinyume chake: umekula jodari miaka yote bila shida, ukaumwa siku moja, kisha ukala sato salama. Sisemi kwamba haiwezekani kabisa. Nasema mizani imeelemea upande mwingine.

Na kamba na pweza usiwaingize kwenye kesi isiyowahusu. Aleji ya kamba, kaa na kambakochi husababishwa zaidi na protini nyingine, tropomiosini, na pweza na ngisi wana ya kwao ya jamii hiyo. Mtu anaweza kuwa na aleji ya samaki akala kamba maisha yake yote, na mwingine akawa kinyume. Kama hujawahi kudhurika na kamba, hakuna sababu ya kumwacha kwa ajili ya jodari mmoja.

Kuna swali moja ambalo hukulijibu kwa kuwa hukuulizwa: je, siku zile ulikuwa unatumia dawa yoyote? Isoniazidi, inayotumika kutibu kifua kikuu na pia kukikinga, inazuia kimeng'enya kinachovunja histamini mwilini. Anayeitumia anaweza kuumwa na kiasi ambacho mwenzake asingekihisi. Kama wewe au mkweo yuko kwenye dozi hiyo, jodari na jamaa zake waachwe mpaka dozi iishe, au mpaka mzungumze na aliyewaandikia dawa. Baadhi ya dawa za sonona nazo zina tabia kama hiyo.

Sasa nije kwenye barafu, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakiumia bila sababu. Kuna imani iliyoota mizizi pwani kwamba samaki wa barafu ni samaki wa juzi, na mbichi wa kweli ni yule aliyetoka chomboni bila kuguswa na barafu. Kwa changu aliyevuliwa alfajiri na kuwa chunguni saa 4 asubuhi, sina ugomvi na imani hiyo. Kwa jodari ni hatari. Hebu tumfuate mmoja. Anashika mshipi saa 6 usiku. Chombo hakina barafu, analazwa juu ya mbao na kufunikwa gunia lililoloweshwa. Saa 1 asubuhi anashushwa, anasubiri mnada, saa 2 anapigwa bei. Mchuuzi anamfunga nyuma ya pikipiki, anapita kwa wateja wawili watatu, saa 4 anamfikisha mgahawani. Ameshakaa muda wa saa 10 kwenye joto. Hapo ndipo anaingia friji, na saa 2 usiku anakuwa kwenye sahani yako. Mwenye mgahawa ataapa kwamba ni samaki wa leo, na kweli ni wa leo. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani unataka samaki wa jamii hii, hewa au maji yakizidi nyuzi 28, awe ameshafika kwenye barafu ndani ya muda usiozidi saa 6 tangu afe. Huyu wetu alizipita kabla jua halijapanda vizuri.

Mlinganishe na jodari aliyetolewa utumbo na mashavu mara tu alipopanda chomboni, akajazwa barafu tumboni, akafukiwa kwa kipimo cha kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, akafika sokoni baada ya siku mbili. Huyo wa pili ndiye ninayemchagua, bila kusita. Na jodari akiwa mkubwa, wa kilo 20 au 30, barafu ya juujuu haitoshi: katikati ya mwili hubaki na joto kwa muda mrefu, ndiyo maana ya kumjaza barafu tumboni.

Friza nayo ina mpaka wake. Ubaridi mkali unasimamisha bakteria na kuua wengine, lakini kimeng'enya walichokwisha kukitengeneza hubaki, na samaki akiyeyuka kinaendelea na kazi. Jodari anayeyeyushwa mchana juu ya meza ya jikoni, wateja wakakosekana, akarudishwa friza, kesho akatolewa tena, kila safari anaongeza histamini. Hili si la migahawa peke yake, majumbani tunalifanya sana. Ukinunua jodari wako, mnunue mwisho baada ya mboga, mbebe kwenye deli lenye barafu, mkate vipande vya mlo mmoja mmoja kabla ya kugandisha, na uyeyushe kwenye friji usiku kucha, chini ya nyuzi 4. Samaki wa kopo akishafunguliwa naye ahesabiwe kuwa mbichi: aende friji mara moja, asilale mezani mpaka jioni kwenye mkate wa watoto.

Kwa upande wa changu anaompenda mumeo, mambo ni tofauti kabisa. Changu, tasi, chewa na pono wana histidini kidogo. Wanapoharibika huharibika kwa njia nyingine, na pua inawakamata mapema. Samaki wa baharini wana ndani ya nyama kemikali inayowasaidia kuhimili chumvi ya bahari. Wakifa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo tunayoijua. Asidi ya ndimu, siki, ukwaju au embe bichi huishika trimethilamini isipande puani. Kwa hiyo bibi zetu hawakukosea kumkamulia samaki ndimu, wala mchuzi wa chukuchuku haukosi maana. Lakini ndimu inaficha shombo tu, haimrudishi samaki kwenye ubichi. Mgahawani, sahani ikija imezama kwenye ndimu na kitunguu saumu, chomoa kipande cha nyama ya ndani karibu na uti wa mgongo, kinuse na ukionje chenyewe kabla ya kugusa mchuzi. Kikiwa kitamu kidogo na chenye harufu hafifu ya bahari, endelea. Kikikupiga na shombo, rudisha. Pua yako ikukague changu kwa uhuru wote. Kwa jodari usiitegemee, huko unategemea barafu na majibu ya jikoni.

Ukiwa mezani, mwombe mhudumu akuletee samaki mzima umwone kabla hajapikwa. Migahawa mingi ya pwani imezoea, na unaojiamini hauoni haya. Macho yawe yametuna na meusi yenye kung'aa. Yakiwa yamezama na kuwa na ukungu wa maziwa, mwache. Fungua shavu: ndani kuwe na wekundu wa damu mbichi, kusiwe na kahawia wala ute mzito unaovutika. Bonyeza ubavu kwa kidole, shimo linyanyuke mara moja. Tumbo likiwa limepasuka lenyewe karibu na mkundu, utumbo umeshaanza kumla kwa ndani. Kama samaki wamepangwa kwenye meza ya maonyesho, tazama barafu iko wapi. Samaki aliyelala juu ya barafu huku mgongo wake ukipigwa na upepo wa feni anapoa upande mmoja. Barafu inapaswa kumfunika, na maji yake yawe na pa kutokea, asiogelee kwenye maji machafu.

Pande la jodari halina macho wala mashavu, hivyo ukaguzi ni mwingine. Mng'ao wa rangi za upinde wa mvua juu ya nyama mbichi usikutishe, ni mwanga unaogonga nyuzi za nyama iliyokatwa. Kinachopaswa kukutisha ni jodari aliyepikwa ambaye ukimvunja kwa uma unakuta vitundu vidogo vingi ndani ya nyama, kama sega la nyuki. Vitundu hivyo ni dalili ya nyama iliyoharibika kabla ya kupikwa. Nyama nzuri ikivunjwa hutoka kwa matabaka yaliyoshikana, laini, bila matundu.

Kisha uliza, kwa adabu lakini kwa swali linalohitaji jibu: "Samahani kaka, jodari huyu aliingia lini, na alifika akiwa kwenye barafu? Mmemyeyusha saa ngapi?" Akienda jikoni kuuliza na kurudi na siku, saa na namna alivyohifadhiwa, umepata mgahawa wa kurudi. Akisema tu "wa leo leo dada, usiwe na wasi", hujajibiwa, agiza kingine. Muda wa kupika nao ni shahidi. Changu mzima wa nusu kilo anayechomwa kuanzia ubichi anahitaji kama dakika 20 hadi 25. Akikufikia baada ya dakika tano, alikaangwa mapema na amepashwa. Hilo si kosa lenyewe, mama lishe wengi hufanya hivyo na chakula chao ni kizuri, ila uliza alikaangwa saa ngapi na alikaa wapi. Aliyekaangwa asubuhi na kukaa kwenye kabati la vioo lenye vuguvugu mpaka jioni sikushauri.

Najua utasema changu ana miba na wewe unataka nyama ya kung'ata. Ladha hiyo inatimizwa bila jodari. Mwombe mpishi pande la chewa lenye unene wa vidole viwili: nyama nyeupe, imeshikana, haina vimiba vya kuchambua, na inavumilia mkaa vizuri. Sharti asichomwe mpaka akauke. Nyama ya samaki imeiva ikiwa imebadilika kuwa nyeupe mpaka ndani na inaachia mfupa, na kila dakika ya ziada inakamua maji yake. Minofu ya changu mkubwa wa kilo mbili nayo ni nene. Pweza aliyechemshwa taratibu mpaka uma ukaingia bila kusukumwa, kisha akapitishwa kwenye tui, anashibisha hamu ya kutafuna kuliko samaki yeyote.

Ladha ya tope ya sato wako haihusiani na yote haya. Inatoka kwenye kemikali iitwayo jiosmini, ambayo hutengenezwa na mwani na bakteria wa kwenye maji yaliyotulia. Samaki huinyonya na kuihifadhi kwenye mafuta yake. Huipata zaidi kwa sato na kambale wa mabwawa. Haidhuru mwili, inaudhi ulimi tu. Ukimpata wa namna hiyo, mtoe ngozi, kata mafuta ya tumboni na ule ukanda wa nyama nyeusi ubavuni, kisha mlaze kwenye maji ya ndimu au siki kwa dakika 20 hadi 30 ndani ya friji kabla ya kumpika. Jiosmini huvunjika kwenye asidi, kwa hiyo hapa ndimu inafanya kazi ya kweli. Mfugaji mzuri huwahamishia samaki kwenye maji safi kwa siku kadhaa kabla ya kuwauza. Mwulize muuzaji wako.

Yakikupata tena yale ya mwezi uliopita, acha kula na uondoe sahani, lakini kipande kilichobaki kifungwe kwenye mfuko na kiwekwe kwenye friji. Ndicho pekee kinachoweza kupimwa maabara, na ndicho kitakachomsaidia afisa afya wa manispaa kuwakinga wateja wengine. Mwambie mwenye mgahawa palepale amtoe samaki huyo kwenye orodha. Mtu mzima ambaye hajakatazwa dawa hizo anaweza kumeza setirizini miligramu 10, au klorofeniramini miligramu 4, ambayo husinziisha, hivyo asishike usukani. Maziwa hayaondoi sumu hii, wala usijitapishe kwa kidole. Kunywa maji, hasa ukiharisha.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kidonge. Pumzi ikibana au kifua kikipiga filimbi, ulimi, midomo au koo vikivimba, ukihisi kuzirai, kifua kikiuma, nenda hospitali yenye huduma ya dharura wakati huohuo, iwe ni histamini au aleji. Huko wana adrenalini. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, mjamzito na mtoto mdogo wasisubiri hata dalili hizo zikamilike. Na dalili za namna nyingine kabisa, yaani midomo na vidole kufa ganzi, au maji baridi kuyahisi kama yanachoma, zinaashiria sumu nyingine za samaki, kama ya bunju au ya samaki wakubwa wa miamba. Hizo si za kutibia nyumbani.

Hata kama uliamka mzima, nakushauri umwone daktari mara moja, bila haraka ya dharura, umweleze kama ulivyonieleza mimi na umtajie dawa zote unazotumia. Akiwa na shaka atakupeleka hospitali ya rufaa kupimwa aleji, kwa damu au kwa kuchoma ngozi na matone ya samaki mbalimbali. Kipimo hicho kitakuwa cha lazima kama umewahi kuwashwa kwa kula samaki wa aina nyingine, kwa kumpaa tu, au kwa kuvuta mvuke wa chungu kinachochemka.

Kwa miadi na wakwe, pigia mgahawa simu asubuhi, uulize samaki wanaingia saa ngapi na waambie mnakuja wangapi. Kwa watu wanne, changu wawili wazima wa kilo moja moja wanatosha, mmoja wa kuchoma na mmoja wa kupaka. Ongeza sahani ya pweza wa nazi ya kuchangia, na kwako pande la chewa. Mume wako apate kichwa cha changu, nadhani hilo hatalipinga. Jodari mwache siku hiyo. Umrudie nyumbani baada ya daktari kukuruhusu, kwa kununua robo kilo tu kwa muuzaji ambaye umeiona barafu yake kwa macho: pika siku hiyohiyo, kula kipande kimoja cha ukubwa wa kiberiti, funika kilichobaki ukiweke kwenye friji, na usubiri saa mbili kabla ya kula kingine.